Kamera ya Baba Isipasuliwe

Tangu kijana wangu aione Zenit-E ya marehemu babu yake kabatini, hanipi raha: "Baba, si wewe injinia? Igeuze iwe ya dijitali." Nimelipima jambo hili, na jibu langu ni hapana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1991 Kodak walichukua Nikon F3, kamera ya filamu, wakaipachika kihisi cha megapikseli 1.3, picha zikahifadhiwa katika sanduku la kuning'iniza begani. Baadaye kampuni ya Silicon Film iliahidi kifaa cha kutumbukiza mahali pa filamu, lakini ilifunga milango mwaka 2001 kabla hakijafika madukani. Ugumu uko wapi? Filamu ni utando mwembamba sana, lakini kihisi kina kioo mbele na sakiti nyuma, na lazima kikae pale pale ilipokuwa filamu, la sivyo picha hutoka na ukungu. Kikiwa kidogo kuliko fremu ya milimita 24 kwa 36, kingo za picha hukatwa. Ukitaka kikubwa kienee, itabidi uchonge mwili wa kamera, na ukishachonga hakuna kurudi.

Kosa letu ni kudhani kamera ni sanduku. Jicho lake ni lenzi. Helios ya milimita 58 ya Zenit hufunguliwa kwa kuzungushwa tu, na kwa pete ya bei nafuu hukaa vizuri kwenye kamera nyingi za dijitali za leo.

Lipo kubwa zaidi. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, inasifika kwa picha ilizozihifadhi, si kwa kamera zake. Sisi je? Negativu zetu zinaliwa na kuvu ndani ya mikebe ya biskuti, nasi tunabishana juu ya sanduku.

Jumamosi moja nilifunga Helios ile kwenye kamera ya kijana, nikaongeza pete za kuisogeza mbele, nikaweka negativu juu ya kioo cheupe chenye taa chini yake. Kompyuta ikageuza weusi kuwa weupe. Akatokea mama yangu, uani kwetu Tanga, kanga begani, akicheka. Lenzi iliyomwona siku ile ndiyo iliyomwona tena. Kijana hakutaja tena habari ya kupasua.

Zenit imerudi kabatini, nzima. Mkebe ndio uko mezani.