Insafu katika Mtandao Usio na Mnara

Hapa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, ambako nyua zimezungukwa na kuta na umeme hukatika bila ya taarifa, mtu aliyebakiwa na chaji kidogo huifanyia simu yake ubahili ambao hapana awezaye kumlaumu. Na kwa sababu hiyo naistahi mno kazi ya mafundi wa mitandao isiyo na mnara, ambayo ndani yake kila kifaa hupokea ujumbe wa mwenziwe na kuupeleka mbele, maana wao waliukabili ubahili huo kwa insafu.

Mwaka 2000 Sergio Marti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walibuni ulinzi usiokuwa na silaha ila sikio. Kifaa kikishamkabidhi jirani pakiti, yaani kipande cha ujumbe, hubaki na nakala yake na kutega sikio hewani. Kikiisikia pakiti ile ile inapelekwa mbele, nakala hufutwa, na muda ukipita pasi na kusikia kitu, jirani huandikiwa kosa moja, wala mwenye ujumbe hapelekewi habari mpaka makosa yapite kiwango. Uzuri wa ufundi huu, kwa rai yangu, ni kule kutoharakisha tuhuma, kwa kuwa ukimya mmoja si ushahidi: huenda pakiti mbili ziligongana masikioni mwa msikilizaji, ilhali jirani ameitimiza amana.

Kisha hutolewa alama. Jirani mgeni huanza na 0.5, akaongezewa 0.01 kila milisekunde 200 njia yake inapotumika, asiweze kupita 0.8, hali kila kifaa hujipa chenyewe 1.0; na aliyetiwa hatiani hushushwa hadi −100, njia zikamwepuka. Katika majaribio yao ya kompyuta, asilimia 40 ya vifaa vikiwa vikaidi na mwendo ukiwa wa wastani, data iliyofika iliongezeka kwa asilimia 17.

Lakini mkaidi aliyeepukwa amepumzishwa mizigo ya watu, na wake bado unachukuliwa! Kasoro hiyo Sonja Buchegger na Jean-Yves Le Boudec, huko Uswisi, waliitibu mwaka 2002 kwa kukataa kuupeleka ujumbe wake.

Mimi huvutwa zaidi na jambo ambalo Marti na wenzake waligusia kwa ufupi, ya kwamba aliyehukumiwa kimakosa yafaa alama yake ipandishwe polepole, au hukumu iondolewe baada ya muda mrefu. Hawakulitia katika majaribio, kwa kuwa yalikuwa mafupi mno, ila mtandao wa majirani watakaoishi pamoja miaka hauwezi kulikosa.