Neno "Wote" katika Mchezo wa Pokémon
Mchezo wa Pokémon ulitolewa kwanza Japani mwaka 1996, nao ulikuwa na viumbe 151 wa kukamatwa, kulelewa na kupiganishwa. Ulipouzwa Marekani, wachezaji walihimizwa wawakamate wote. Tangu matoleo ya mwaka 2002, mchezaji aliweza kuwahamisha viumbe wake kutoka toleo kuu hata jingine, mithili ya mfugaji ahamaye na kundi lake.

Mwezi wa Juni 2019, Junichi Masuda, mmoja wa watengenezaji, alitangaza kwamba katika Sword na Shield si wote watakaoingia. Viumbe walikwisha kuzidi 800, na kuwachora vizuri na kuwasawazisha nguvu ilikuwa kazi kubwa.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini waliolalamika hawakudai wingi tu: kiumbe aliyelelewa zaidi ya miaka 15 amekwisha kuwa amana mikononi mwa mtengenezaji. Nyongeza za mwaka 2020 ziliwarudisha zaidi ya 200, wengine wakabaki nje. Kwa maoni yetu, fundi ana haki ya kupunguza kazi yake. Ila aliyeuza kwa neno "wote" hana budi kuwaeleza wanunuzi mapema maana yake mpya.