Vitabu Viwili vya Kufundishia Watoto Nyumbani

Katika nchi ya Marekani wako Wakatoliki wasiopeleka watoto wao shule. Si kwamba shule hazipo. Wameamua kwa hiari yao kwamba mama, na baba apatapo nafasi, ndio watakaokuwa walimu, na meza ya chakula ndiyo itakayokuwa meza ya kusomea. Kufikia mwaka 1993 jambo hili lilikuwa halali katika majimbo yote 50 ya nchi ile. Mzazi atakaye kuanza huuliza kwanza: nishike lipi? Ili kumjibu, akina mama wawili waliandika vitabu katika miaka ya 1990, nasi tumevisoma vyote viwili. Kimoja ni Catholic Home Schooling cha Bibi Mary Kay Clark. Cha pili ni Designing Your Own Classical Curriculum cha Bibi Laura Berquist.

Huenda msomaji atasema, Haya yatuhusu nini sisi, ambao watoto wetu huenda shule kila asubuhi? Yatuhusu kwa sababu ya miaka ile ya kwanza. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ilitaka mtoto aandikishwe shule ya msingi akiisha timiza miaka 7. Naye Baba Mtakatifu Pius wa Kumi, alipowafungulia wadogo mlango wa Komunyo mwaka 1910, alitaja umri wa miaka kama 7 kuwa ndio mtoto aanzapo kupambanua mambo. Basi kabla ya hapo mtoto ni wa mamaye na babaye, huko Marekani na huku kwetu. Vitabu hivi tumevipima kwa miaka hiyo hasa, wala si kwa ile ya baadaye.

Bibi Clark aliiongoza Seton, shule ya masomo ya nyumbani iliyoanzishwa mwaka 1980, yenye makao yake Front Royal katika jimbo la Virginia. Shule hiyo hupeleka vitabu nyumbani pamoja na mpango wa kila siku, na mitihani husahihishwa na kurudishwa. Kitabu chake kimezaliwa katika kazi hiyo. Nguvu yake ni kumtia mzazi moyo. Hutegemea mafundisho ya Mapapa, na hoja ni kwamba haki ya kumlea na kumfundisha mtoto wazazi wameipewa na Mungu, hawakuiazima kwa serikali. Hayo ndiyo aliyoyafundisha Pius wa Kumi na Moja katika barua yake ya mwaka 1929. Na miaka minne kabla yake, mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha ivunja sheria ya jimbo la Oregon iliyotaka kuwalazimisha watoto wote kwenda shule za serikali; walioipinga sheria ile walikuwa masista wenye shule yao. Lakini wasomaji wa barua ya 1929 wasiisome nusu. Papa yule yule aliisifu sana shule njema ya Kikatoliki, akasema kwamba jamaa, Kanisa na serikali kila mmoja ana sehemu yake katika kazi ya malezi.

Hata hivyo kitabu hiki ni cha vita. Mwandishi yuko langoni, mkuki mkononi, akiwajibu majirani na maofisa. Na mama mwenye mtoto wa miaka 4 apata humo hoja nyingi kuliko mashauri. Tena ile njia ya mpango wa kila siku na mitihani yafaa kwa kijana wa miaka 12, maana humzoeza kumaliza kazi aliyoianza. Kwa mtoto wa miaka 5 twaiogopa. Sisi walimu twajua maksi zafanya nini. Mtoto akiisha pewa maksi za hesabu, huanza kuitafuta maksi wala haitafuti hesabu. Akipewa maksi za Sala ya Baba Yetu, ataitafuta nini? Nyumba ni mahali pamoja ambapo mtoto aweza kumjua Mungu bila kuogopa kalamu nyekundu. Mama akiileta kalamu ile mezani pake, amekwenda mbali kuikimbia shule, kisha ameibeba begani mpaka chumbani.

Kitabu cha Bibi Berquist ni cha utulivu zaidi. Jina lake lenyewe lamwambia mama ashone nguo kwa kipimo cha mtoto wake, asinunue iliyokwisha shonwa. Huenda darasa kwa darasa, akitaja vitabu na namna ya kuipanga juma. Huthamini sana kukariri mashairi, na hapo twamwunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto mdogo hushika kwa sikio kile ambacho akili yake itakifungua baada ya miaka kumi. (Bibi zetu walilijua hili bila kitabu, ndiyo maana mtoto asiyejua kusoma aliweza kutega vitendawili hamsini.)

Lakini msingi wa kitabu hiki twataka kuuchungua. Mwandishi hufuata mawazo ya Dorothy Sayers, Mwingereza, aliyoyatoa Oxford mwaka 1947: kwamba mtoto apita kwanza wakati wa kukariri kama kasuku, halafu wakati wa kubisha, halafu wakati wa kusema kwa ufasaha. Mawazo hayo ni mazuri. Ila Sayers aliiweka hatua ya kwanza kati ya miaka 9 na 11, akataka wanafunzi wake waje wakijua tayari kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka 5 hakuacha ramani yoyote. Wafuasi wake wameirefusha kamba mpaka ikamfika mtoto huyo, wala kurefushwa kwake hakuonekani, kwa kuwa jina ni lile lile.

Kwa umri huo twaona mfano bora ulipatikana Roma, mwaka 1954. Sofia Cavalletti, bingwa wa Maandiko Matakatifu na wa Kiebrania, alianza kufundisha watoto wadogo pamoja na Gianna Gobbi, mwalimu wa njia ya Montessori. Watoto wa miaka 3 mpaka 6 waliwekewa altare ndogo, na sanamu ndogo ya Mchungaji Mwema pamoja na kondoo zake. Mwalimu husoma mfano ule wa Injili, huwaongoza kondoo polepole, kisha hunyamaza. Mtoto huachwa awaongoze mwenyewe mara nyingi kama apendavyo. Mtihani hakuna. Cavalletti aliona kwamba umri ule hautafuti kwanza orodha ya wajibu; watafuta kupendwa na kujulikana kwa jina. Kazi kama hiyo yahitaji kipande cha mti, kisu, na mtu mzima asiye na haraka.

Mtu huyo asiye na haraka ndiye shida kubwa. Vitabu vyote viwili hudhani kwamba mama yumo nyumbani mchana kutwa na mshahara wa baba watosha. Mama alimaye tangu alfajiri, au auzaye sokoni, hatapata saa tatu za darasa. Lakini robo saa jioni, kabla ya taa kuzimwa, yapatikana. Na kwa mtoto wa miaka 4 robo saa ni nyingi.

Mama akituuliza anunue kipi, tutampa cha Bibi Berquist, naye ayasome mashairi mapema lakini ratiba aiache ikae mpaka mtoto awe na miaka 6 au 7. Cha Bibi Clark ampe mumewe, hasa ikiwa bado ana shaka.