Ndoo ya Chokaa na Unyevu wa Pemba

Kila Idi inapokaribia, watu wa Wete, Chake Chake na Mkoani huingia maduka ya vifaa vya ujenzi kutafuta rangi. Sikukuu hupita ukuta ukiwa unang'aa. Masika yakishapita, ukuta uleule una mabaka, na upande wa chini, usawa wa magoti, rangi imevimba na kubanduka. Lawama humwangukia muuzaji au fundi. Mara nyingi kosa liko kwingine: mwenye nyumba alichagua rangi kabla ya kuujua ukuta wake.

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kiambaza cha boriti, fito na udongo hunyonya maji ya ardhini pamoja na yale yanayoruka kutoka kwenye michirizi ya paa. Ukuta wa mawe nao hunyonya, na wa matofali ya saruji vilevile. Maji yaliyoingia hayana budi kutoka. Ukiuziba ukuta kwa rangi ya mafuta, yanakwama nyuma yake pamoja na chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Yanapokauka, chumvi inabaki chembechembe, na chembe hizo ndizo zinazoisukuma rangi mpaka ikaachia.

Hapo ndipo chokaa inaposhinda, licha ya bei yake ndogo. Mawe ya matumbawe yakichomwa tanuuni kwa joto la karibu nyuzi 900, hutoa hewa ya kabonidayoksaidi; kilo 100 za jiwe safi hubakia kilo 56. Yakitiwa maji huchemka yenyewe na kulainika kuwa unga. Chokaa ya mfuko inayouzwa kwa kupaka kwa kawaida imeshapita hatua hiyo. Ikipakwa ukutani, huivuta tena ile hewa na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vinyweleo ambamo mvuke unapita. Waliojenga msikiti na makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu, kisiwani Pemba, kabla ya Wareno kufika pwani hii walitumia matumbawe na chokaa hivyohivyo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuupima ukuta. Urushie maji kwa mkono. Yakinywewa mara moja, chokaa itashika. Yakiteleza, kuna rangi ya mafuta au ya plastiki juu yake, nayo sharti ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa. Gonga pia kwa vifundo vya vidole: panapolia mvungu, lipu imeachana na ukuta, na hakuna rangi itakayopaokoa.

Loweka chokaa usiku kucha, kisha uichuje kwa kipande cha chandarua hadi iwe nyepesi mfano wa maziwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Huiona nyepesi mno, wakaipaka nzito ili wamalize kwa mkono mmoja. Ikikauka inapasuka na kuchafua nguo za kila anayeegemea. Lowesha ukuta kwanza, paka mkono mwembamba, acha siku nzima, lowesha tena, rudia mara tatu au nne. Usishtuke ukiona mkono wa kwanza hauonekani: chokaa mbichi ni kama maji ya kijivu, na weupe hujitokeza kadiri inavyokauka. Vaa glavu na miwani, kwani chokaa hula ngozi na hudhuru macho. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

Sasa pambo. Nyumba nyingi za pwani zina ukanda wa rangi iliyokoza chini ya ukuta, wa kuficha matope. Kuupaka ukanda huo rangi ya mafuta ni kuziba mahali penye maji mengi zaidi. Unyevu hupanda na kutokea juu ya mstari, kwenye weupe. Tumia chokaa ileile, ukitia oksaidi nyekundu ya unga ambayo mafundi huitia kwenye sakafu. Iloweke kwanza, isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, na ukoroge yote kwa mara moja, maana ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Jaribu juu ya jiwe na usubiri likauke, kwa kuwa rangi hupauka sana. Usawa wa mstari upime kwa mpira wa maji wa waashi, maana sakafu nyingi zina mwinamo. Ukitaka nakshi juu ya ukanda, kata kiolezo kwenye filamu ya zamani ya eksirei, ambayo ni ngumu na huoshwa, kisha gonga rangi kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Nili ya kufulia, ikitiwa kidogo, huufanya weupe usielekee umanjano.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga lipu ya saruji kwanza. Juu ya tofali la saruji, sawa. Juu ya udongo au ukuta wa zamani wa mawe, saruji ni ngumu kuliko kinachoibeba: ukuta ukitanuka na kusinyaa, lipu hupasuka, maji huingia na hayatoki. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zimeumizwa hivyo.

Majira mazuri ya kazi ni kipupwe, masika yakishakwisha na jua likiwa halijawa kali. Wakati wa kaskazi chokaa hukauka kabla haijashika, ikabaki vumbi. Na kwa kuwa chokaa huchakaa taratibu badala ya kubanduka, mwaka unaofuata hukwangui kitu: unapiga mkono mmoja juu ya ule wa zamani, na fedha ya rangi unainunulia bati la kurefusha paa ili maji yaanguke mbali na ukuta.