Mzuka, Mzimu na Mshtuko: Uhakiki wa Istilahi za Filamu Fupi za Kutisha

Kwa muda mrefu kazi ya kuunda istilahi imeelekezwa kwenye fani zenye heshima ya kiofisi: sheria, utawala, sayansi, uchumi na kilimo. Sanaa ya filamu imeachwa ijitafutie maneno yenyewe, na filamu za kutisha zimeachwa nyuma zaidi, kwa kudhaniwa kuwa ni mchezo wa vijana usiostahili jasho la wanalugha. Matokeo yake ni kwamba mfasiri anayepewa maelezo ya filamu ya namna hiyo, mwalimu anayetaka kuijadili darasani, na mtumishi wa serikali anayepaswa kuipanga katika daraja lake, wote hujikuta wakitumia neno moja kwa mambo matatu au manne yasiyofanana. Katika makala haya twakusudia kuihakiki filamu moja fupi iliyotengenezwa nyumbani kwa gharama ndogo sana, ili tuonyeshe kwamba Kiswahili hakipungukiwi maneno katika uwanja huu. Kinachopungua ni uangalifu wetu katika kuyatumia.

Filamu tuliyoichagua ni Lights Out ya mwaka 2013, iliyoongozwa na David F. Sandberg wa Uswidi. Ilipigwa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi yeye na mkewe Lotta Losten, na Losten ndiye mwigizaji wake. Ilitengenezwa kwa ajili ya shindano la filamu fupi za kutisha lililoandaliwa na kikundi cha Bloody Cuts cha Uingereza, na humo Sandberg akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Haifikii dakika 3. Hamna mazungumzo, hamna umati, hamna damu. Vifaa vinavyoonekana ni vile vilivyomo katika nyumba yoyote yenye umeme: ushoroba, swichi ya ukutani, kitanda na taa ya kando ya kitanda.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwanamke anajiandaa kulala. Anazima taa ya ushoroba, na mara anaona umbo la mtu limesimama gizani mwisho wa ushoroba. Anawasha taa: hakuna mtu. Anazima: umbo lipo. Anarudia tena na tena, hadi mara moja umbo linapotokea karibu naye kabisa. Anaibandika swichi kwa utepe wa gundi ili taa isizimike, kisha anakimbilia kitandani. Huko anasikiliza. Taa ya ushoroba inazimika. Anajifunika shuka kama mtoto mdogo. Mwishowe anageuka, na kando ya taa yake ya kitandani anakuta uso wa kiumbe, nacho kiumbe kinaizima taa hiyo.

Hila ya kiufundi katika kazi hii ni ya kufundishika kwa dakika chache, na ndiyo maana twaona yafaa kwa wanafunzi wetu. Kamera hutulizwa juu ya miguu yake mitatu isisogee hata kidogo. Ushoroba hupigwa picha ukiwa na mwanga na ukiwa mtupu. Kisha hupigwa tena ukiwa na giza na mtu amesimama mwisho wake. Vipande hivyo viwili huungwa pale pale swichi inapolia. Kwa kuwa mwanga wote umebadilika kwa nukta hiyo, jicho haliwezi kuuona mshono. Kwa njia hiyo hiyo mtu mmoja aweza kuonekana pande mbili za picha moja, kila upande ukiwa umepigwa kwa wakati wake. Fundi wa kazi hii hahitaji studio. Ahitaji subira, mkono mtulivu na nyumba ambayo wenzake wamekubali kunyamaza kwa saa kadhaa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye istilahi ya kwanza. Jina “filamu ya kutisha” limekwisha kukubalika kwa wasemaji, nasi hatuna sababu ya kulibadili. Lakini wafasiri wengi hulitumia neno hilo hilo kwa kile kitendo cha ghafla kinachomfanya mtazamaji aruke kitini. Hilo ni kosa. Kutisha na kushtua si jambo moja. Neno “kutisha” ni ndugu wa “kutishia” na “tishio”: ndani yake mna habari ya jambo ambalo bado halijaja. Anayetishwa anangoja. Neno “kushtua” lahusu jambo lililokwisha kufika. Aliyeshtuliwa hangoji tena kitu. Moyo wamdunda, kisha hucheka kwa aibu na kunywa maji.

Tukiutumia upambanuzi huo, ubora wa filamu ya Sandberg waonekana wazi. Sehemu yake kubwa yatisha. Kila mara kidole kinapoelekea kwenye swichi mtazamaji anajua kinachoweza kutokea, naye huanza kumwomba yule mwanamke asiizime taa. Filamu imempa mtu wa kawaida madaraka ya kuleta na kuondoa balaa kwa kidole chake mwenyewe, na hilo latisha kuliko kelele zozote. Umbo linapomtokea mwanamke karibu hapo ushorobani, huo ni mshtuko. Nao umewekwa mahali pake, kwa sababu unafuatwa na kungoja kupya. Uso wa mwishoni, kwa maoni yetu, ndio udhaifu wa kazi hii. Mdomo uliopanuka na macho yaliyotoka ni mali ya kila mtu. Yangeweza kutokea katika filamu yoyote, nayo yakishaonekana mara moja hayana la kusema zaidi. Kinachoiokoa filamu ni kwamba haikomei kwenye uso. Inakomea kwenye mlio wa swichi na giza, na giza lile laturudisha kwenye kutisha. Tungekuwa na neno moja tu kwa mambo haya mawili, tusingeweza kuusema udhaifu huo wala kuusema wokovu wake. Kwa hiyo twapendekeza neno “mshtuko” litengwe kwa kile kitendo kimoja cha ghafla, na “kutisha” libaki kuwa sifa ya kazi nzima.

Aidha, twawaonya wafasiri juu ya wingi “vitisho”. Katika lugha ya polisi na mahakama neno hilo lina maana iliyokwisha kukaa: maneno ya mtu anayeahidi kumdhuru mwenziwe. “Filamu ya vitisho” yaweza kumfikisha mtengenezaji wake mahali ambapo hakukusudia kufika.

Istilahi ya pili, na iliyo nzito zaidi, yahusu kile kiumbe. Nini kimesimama ushorobani? Wapo watakaoandika “jini”, wengine “shetani”, wengine “pepo”, wengine “mzimu”, kana kwamba maneno haya ni nguo za saizi moja. Kwa wenye lugha sivyo. Jini ana dini yake, ukoo wake na makazi yake. Aweza kuoa na kuolewa. Pepo hupanda kichwani mwa mtu, akasemeshwa, akaulizwa anataka nini, akachezewa ngoma. Mzimu ni wa mtu aliyekufa; una jina, una jamaa, na mara nyingi una madai. Zimwi ni wa hadithini, naye hula watu. Shetani ni adui wa imani. Kila mmoja wa hawa ana nasaba, na nasaba hiyo humpa binadamu njia ya kushughulika naye: kumsomea, kumtambikia, kumdanganya au kumkimbia.

Kiumbe cha Lights Out hakina nasaba yoyote. Hakisemi, hakidai, hakina jina, hakimpandi mtu. Tunalolijua ni moja tu: gizani kipo, mwangani hakipo. Kwa kitu cha namna hii Kiswahili kina neno lililo tayari, nalo ni “mzuka”. Limetokana na kitenzi “kuzuka”, yaani kutokea pasipo kutazamiwa. Neno halituambii asili ya kitu wala dini yake. Latuambia namna kinavyoonekana. Ni nadra istilahi kukaa sawa na kitu chake kama hivi. Mwongozaji wa Uswidi, pasipo kujua, ametengeneza filamu ambayo maelezo yake kamili ni neno moja la Kiswahili.

Huenda ikasemwa kwamba siku hizi vijana hutumia “mzuka” kwa maana ya hamasa, na kwamba mtu akisema ana mzuka huwa ana hamu ya kucheza muziki. Hoja hiyo haituzuii. Maana hiyo mpya imeshika mzizi ule ule wa kitu kinachopanda ghafla, na neno moja laweza kubeba maana mbili iwapo muktadha watofautisha. Tena huenda ikasemwa kwamba katika mazungumzo mzuka na jini huchanganywa. Ni kweli; lakini kazi ya istilahi ni kuyabana matumizi ambayo mazungumzo yameyaacha wazi.

Faida ya upambanuzi huu yadhihirika tukiitazama filamu ndefu iliyotokana na ile fupi. Mwaka 2016 Sandberg mwenyewe aliongoza Lights Out ya urefu wa kawaida nchini Marekani, James Wan akiwa mmoja wa watayarishaji. Iligharimu yapata dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 140. Losten naye anaonekana humo mwanzoni. Lakini filamu ya saa moja na zaidi haiwezi kusimama juu ya swichi peke yake. Ilibidi kiumbe kipewe jina, Diana. Kipewe utoto, maradhi, hospitali na kifo. Kipewe na mwanamke hai ambaye kimeng’ang’ania maisha yake. Kwa lugha yetu, mzuka umegeuzwa kuwa mzimu. Mabadiliko hayo yameleta faida, kwa kuwa sasa pana familia na pana huzuni ya mama na watoto wake. Yameleta na hasara: mtazamaji akishajua Diana ni nani na anataka nini, amekwisha kupata njia ya kushughulika naye, na hofu yake imepungua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Filamu ile fupi yatisha kwa sababu humo hakuna anayemjua mwenziwe. Mhakiki anayeandika “jini” mahali pote pawili hawezi kuliona badiliko hilo.

Yafaa itajwe kwamba Sandberg, ingawa alikuwa amekwisha kuongoza filamu kubwa za Marekani, aliirudia kazi ya nyumbani mwaka 2020, watu walipozuiwa kutoka kwa sababu ya UVIKO-19. Yeye na Losten walitengeneza filamu fupi Shadowed, ambamo tisho latokana na vivuli visivyo na wenyewe. Kwa hiyo gharama ndogo haikuwa ngazi ya kupandia na kuiacha. Ni namna ya kufikiri. Na hapa tuna neno la kusema juu ya istilahi ya tatu. “Filamu nafuu” haifai, maana unafuu ni wa mnunuzi. “Filamu ya bajeti finyu” yalalamika, kana kwamba fedha zilitakiwa zikakosekana. Twapendekeza “filamu ya gharama ndogo”, isiyojisifu wala kujihurumia. Vivyo hivyo “filamu ya nyumbani” iachiwe kumbukumbu za harusi na maulidi; kazi ya sanaa iitwe “filamu iliyopigwa nyumbani”.

Jambo hili si la wahakiki peke yao. Dar es Salaam imekuwa na filamu za kutisha za Kiswahili zilizopigwa kwa kamera za video tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, na Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi ni mifano inayokumbukwa. Leo simu ya mkononi yatosha kuwa kamera, na kijana yeyote mwenye ushoroba na swichi aweza kuwa mwongozaji. Kazi yake ikitoka itakutana na ofisi. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, Tanzania imekuwa na utaratibu wa vibali na ukaguzi, na kila ukaguzi huandikwa kwa maneno. Afisa akiandika “filamu ya mizuka, ina mishtuko miwili”, mzazi ameelezwa anachohitaji kujua na kijana ametendewa haki. Akiandika “filamu ya kishetani” au “ya kishirikina” juu ya kazi isiyo na mganga, hirizi wala kafara, amemhukumu mtu kwa kosa la mfasiri.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawaonyeshe wanafunzi filamu fupi ya aina hii na kuwauliza swali moja: kilichosimama gizani ni nani, na umejuaje? Anayejibu “ni jini” aonyeshe dini yake. Anayejibu “ni mzimu” aonyeshe kaburi lake. Atakayesema kwamba hajui ila amekiona kikizuka, huyo ameitazama filamu vizuri, na lugha yake imemtumikia.