Mgaagaa na Upwa Wenye Mwenyewe: Bidii ya Vijana wa Kisomali Ughaibuni katika Riwaya Mbili za Nadifa Mohamed

Utangulizi

Miongoni mwa sifa wanazopewa mara kwa mara Wasomali waishio nje ya nchi yao ni bidii ya kazi na ari ya kujipatia maisha. Mfano unaotajwa sana ni Eastleigh, mtaa wa Nairobi uliopanuka mno kibiashara baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Sifa hiyo husemwa kana kwamba ni urithi wa damu, uliotoka kwa wafugaji wahamaji ukaingia madukani. Kando yake kuna lawama inayomhusu kijana wa Kisomali huko Ulaya: kwamba hana kazi, anazurura, anapoteza nafasi aliyopewa. Sifa na lawama hizi zaonekana kupingana, lakini msingi wao ni mmoja. Zote mbili zinachukulia kwamba hali ya mtu ni kipimo cha juhudi yake.

Riwaya mbili za Nadifa Mohamed zinatoa nafasi nzuri ya kuupima msingi huo. Mtunzi huyu alizaliwa Hargeisa mwaka 1981 na akahamia London na wazazi wake mwaka 1986. Riwaya yake ya kwanza, Black Mamba Boy (2010), ilipata Tuzo ya Betty Trask mwaka huohuo. Ile ya tatu, The Fortune Men, iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 2021. Ingawa zimeandikwa kwa Kiingereza, riwaya hizi zinazungumzia bahari, bandari na utafutaji, mambo ambayo fasihi ya Kiswahili imeyashughulikia kwa muda mrefu.

Safari ya Jama

Black Mamba Boy imejengwa juu ya maisha ya baba wa mtunzi. Jama, mtoto wa mitaani mjini Aden mwaka 1935, anafiwa na mama yake na kuanza safari ya kumtafuta baba aliyekwenda Sudan. Anapita Eritrea inayotawaliwa na Waitalia, anaingia katika jeshi lao, anashuhudia vita vya Keren vya mwaka 1941, anafika Misri na Palestina, na hatimaye anapata kazi ya baharia katika meli ya Kiingereza. Baba yake anakufa kabla hawajaonana.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama ushahidi wa methali isemayo kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Jama anagaagaa kweli, na mwishoni anapata mshahara. Hata hivyo, mambo mawili yanauzuia usomaji huo.

La kwanza ni mtaji wa safari. Ambaro, mama yake Jama, alifanya kazi ya kijungujiko katika kiwanda cha kahawa, na fedha alizodunduliza alizificha ndani ya hirizi aliyomvika mwanawe. Basi ile inayoitwa ari ya kijana ilianza kwa jasho la mwanamke ambaye hakuishi kuyaona matunda yake. Anayemsifu Jama kwa kujitegemea anaisahau hirizi.

La pili ni kazi yenyewe anayoipata Jama. Meli hiyo ni Runnymede Park, mojawapo ya meli tatu ambazo mwaka 1947 ziliwarudisha Ulaya Wayahudi waliokuwa wamesafiri na meli iitwayo Exodus wakitaka kuingia Palestina. Walipelekwa hadi Hamburg, katika nchi iliyokuwa imewaangamiza ndugu zao. Hivyo ajira nzuri ya kwanza ya mkimbizi mmoja ni kusaidia kuwafungia mlango wakimbizi wengine. Mtunzi haweki hotuba yoyote hapo. Anawaweka tu wasafiri ndani ya vizimba na baharia mgeni akiwatazama. Swali linalobaki ni kama bidii ni wema kwa nafsi yake, au inategemea mtu anabidiishwa kufanya nini.

Kesi ya Mahmood

The Fortune Men inalipeleka swali hilo mbele zaidi. Inahusu tukio la kweli. Mahmood Mattan, baharia wa Kisomali aliyeishi Cardiff na kumwoa mwanamke wa huko, alishtakiwa kwa kumuua Lily Volpert, mwenye duka, mwezi Machi 1952. Katika riwaya marehemu anaitwa Violet Volacki. Mahmood hakuwa na mkalimani mahakamani. Alinyongwa tarehe 3 Septemba 1952, akaacha mjane na watoto watatu wa kiume. Hukumu hiyo ilibatilishwa mwaka 1998, na mwaka 2022 polisi wa Wales Kusini wakaomba radhi.

Mtunzi angeweza kumpamba Mahmood awe mfanyakazi mwadilifu aliyeonewa. Hakufanya hivyo. Mahmood wake ni mcheza kamari, ameacha kazi ya meli, ana wizi mdogomdogo, ni mwenye kiburi na maneno mengi. Hapa ndipo penye nguvu ya riwaya. Kama angekuwa mchapakazi, msomaji angesikitika kwa sababu mtu wa manufaa amepotea. Kwa kuwa si mchapakazi, msomaji analazimika kukubali kwamba haki si ujira wa bidii. Mtu hastahili kunyongwa kwa kosa asilolitenda, awe amefanya kazi jana au amelala.

Jama na Mahmood ni wa kizazi kimoja, wametoka katika nchi moja, wamekula chumvi ya bahari moja. Tofauti ya mwisho wao haielezwi na juhudi peke yake. Inaelezwa pia na yule aliyekuwa na uwezo wa kuwapima: mwajiri katika meli, hakimu katika mahakama. Methali ya mgaagaa ilitungwa juu ya ufuko ambao kila mtu ana ruhusa ya kuokota. Mashujaa hawa wanagaagaa katika upwa wenye mwenyewe, anayedai karatasi kwanza.

Ulinganisho na Kuli

Katika fasihi ya Kiswahili, riwaya ya Adam Shafi, Kuli (1979), inaishughulikia bandari kwa namna nyingine. Makuli wa Zanzibar hawapandi daraja kwa juhudi ya mmojammoja. Kazi yao inapata heshima pale wanapoungana katika mgomo wa mwaka 1948. Njia hiyo haimo katika riwaya za Nadifa Mohamed. Jama husaidiwa na watu wa ukoo, na Mahmood hutetewa na jumuiya ya Wasomali wa Cardiff, lakini msaada huo ni wa kumwokoa mtu, si wa kuibadili kazi yenyewe. Huu ni upungufu wa fikra katika Black Mamba Boy hasa, ambayo mara nyingi inamvusha mhusika kwa sadfa: kila anapokwama, anatokea jamaa. Aidha, Bethlehem, mkewe wa Eritrea, anaachwa kusubiri, na kazi anayoifanya akiwa peke yake haipewi uzito uliopewa mwendo wa mumewe.

Maana kwa msomaji wa Bukavu

Katika Kiswahili cha Bukavu, aendaye Kampala, Nairobi au Afrika Kusini husemwa kwamba amekwenda kutafuta maisha. Msemo huo unabeba hukumu isiyotamkwa, kwamba aliyebaki hakuyatafuta. Enzi za Mobutu kulikuwa na mzaha wa Ibara ya 15, yaani kila mtu ajitafutie mwenyewe. Mzaha huo ulikuwa mchungu kwa sababu uligeuza kushindwa kwa dola kuwa mtihani wa tabia ya raia. Mwanamke anayebeba mizigo mgongoni kati ya ziwa na soko la Kadutu hakosi bidii. Anachokosa ni malipo yanayolingana nayo. Na mwaka 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, wapo wanafunzi waliokimbia na wapo waliobaki. Si haki kuwagawa kwa mizani ya wachapakazi na wavivu.

Hitimisho

Riwaya hizi hazidharau kazi. Jama asingefika popote bila miguu yake, na methali inayosema ajizi ni nyumba ya njaa haijapoteza ukweli wake. Zinachokataa ni kuifanya bidii kuwa pasi ya kuingilia katika ubinadamu. Kumsifu kijana wa ughaibuni kwa uchapakazi ni jambo jema, ila sifa hiyo ikisimama peke yake humwacha Mahmood nje ya mlango. Mhakiki wa Kiswahili anaposoma masimulizi ya utafutaji, pamoja na kuuliza mhusika amegaagaa kiasi gani, hana budi kuuliza pia upwa ni wa nani, na hirizi aliyoivaa ilishonwa kwa jasho la nani.