Hamu ya Sheria za Zamani: Bao na Ikibuguzo katika Bujumbura ya Waswahili

Wanaoandika kuhusu michezo ya jadi ya Afrika Mashariki hupenda kuanza na wazee. Mzee huulizwa mchezo ulivyochezwa enzi zake, hujibu kwamba siku hizi sheria zimeharibika, na jibu lake hunukuliwa kama ushahidi kuwa palikuwa na sheria moja, timamu, ambayo vijana wameipoteza. Makala haya yanadai kwamba hatua hiyo ya mwisho haifuati. Hamu ya zamani ni ushahidi wa mahali mtu alipojifunzia mchezo na wa watu aliocheza nao. Kuhusu umri wa sheria yenyewe haithibitishi lolote.

Bujumbura ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Katika mitaa kama Buyenzi, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, mtu huishi karibu na michezo miwili ambayo mgeni hawezi kuitofautisha kwa macho. Bao la Kiswahili na ikibuguzo cha Warundi, ambacho ni ndugu wa igisoro cha Rwanda na omweso wa Uganda, yote huchezwa kwenye ubao wenye safu nne za mashimo manane na kete 64. Tofauti huonekana pale tu kete zinapoliwa. Katika bao, mchezaji hula kete za shimo la mbele la mpinzani peke yake, kisha huzipanda upande wake kuanzia kichwani au kwenye kimbi. Safu ya nyuma haiguswi. Katika jamii ya igisoro na omweso, kete za shimo la mbele na la nyuma huliwa pamoja ikiwa mashimo yote mawili yana kete, nazo hupandwa kuanzia pale mzunguko ulipoanzia. Kwa hiyo mcheza bao aliyezoea kuweka akiba yake nyuma hujiona salama mahali ambapo jirani yake wa ikibuguzo anamhesabia hasara. Jirani naye hulinda kete zake kwa kuacha shimo moja tupu makusudi, jambo ambalo kwa mwenzake linaweza kuonekana kuwa uzembe.

Bao lenyewe nalo si moja. Bao la kujifunza huanza na kete mbili katika kila shimo. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huweka kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa nyumbani, na kubaki na 22 mkononi za kunamua kabla ya kuingia mtaji. Mtu aliyeishia kwenye bao la kujifunza akilitamani bao la utotoni anatamani mchezo usio na namua kabisa.

Ulinganisho na michezo yenye vitabu vya sheria unasaidia. Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974, na toleo lake la tano mwaka 2014; anayeutamani mchezo wa ujanani mwake hutaja toleo, hufungua kitabu, na anaweza kusahihishwa na ukurasa. Mcheza bao hana ukurasa. Hutaja mtu au mji: huku ndiko kucheza kwa Ujiji, huku ni kwa Unguja. Kwa mtafiti wa lugha jambo hili lina thamani kubwa kuliko madai ya uasili, kwa sababu majina hayo ya mahali ndiyo matoleo yenyewe.

Hapa ndipo uhakiki unapaswa kuwa mkali zaidi. Kitabu cha Alex de Voogt, Limits of the Mind (1995), kinachochunguza umahiri wa mabingwa wa bao Zanzibar, ni kazi nzito, na mipaka yake iko wazi kwa kila anayeisoma: inahusu mabingwa na akili zao. Hatari iko kwa wasomaji wanaoigeuza kuwa kitabu cha sheria cha eneo zima. Historia hiyo inafahamika. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Burundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kuchukua sasa bao la Unguja kuwa bao sanifu, kisha kulipeleka Bujumbura kama urithi wa Buyenzi, ni kuwatoa watu wale wale nje ya chumba kwa mara ya pili.

Istilahi zinaonyesha hasara ingekuwa wapi. Kirundi na Kinyarwanda vina kitenzi mahsusi, kubuguza, na jina ikibuguzo limejengwa juu yake: mchezo umepewa jina la tendo. Kiswahili kimeupa jina la kifaa, kisha kikalitumia neno hilo hilo kwa bao la mpira na kwa bao la mpiga ramli, na utajiri wake wa vitenzi kikauweka ndani ya mchezo: kunamua, kutakata, kulala. Msemaji wa Bujumbura anaweza kuchota pande zote mbili. Kamusi itakayoingiza orodha ya Unguja peke yake haitakuwa na nafasi ya kurekodi alichochota.

Wenye hamu ya zamani wasipuuzwe, hata hivyo. Waliokulia Katumba, Ulyankulu na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania baada ya mauaji ya 1972, na baadaye wakarudi, wanapolitamani bao wanasema jambo la kweli kuhusu maisha yaliyogawanyika kati ya nchi mbili. Kuwasahihisha kwa sheria ya Unguja ni kuufuta mgawanyiko huo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kama itakusanya istilahi za michezo, ingefaa kudai kwamba kila neno liandikwe pamoja na sheria inayolihusu, mji ambako msemaji alijifunzia, na lugha nyingine anayochezea. Swali la kwanza kwa mzee wa Buyenzi lingekuwa jepesi: kete zikiliwa, zinaanzia wapi?